Maneno ya Ramla Niliyoyatafsiri

Mangobo, Kisangani

Papa mpendwa,

Mama na mimi tunakusalimia sana. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tuko wazima, na Mama ameanza tena kula vizuri. Naandika kwa karatasi kwa sababu réseau ya simu ya huko kijijini Barumbu haiaminiki. Tonton Emile atakuletea barua hii na boti.

Papa, hapa mjini watu wanabishana juu ya internet. Kampuni ya simu iliyoniajiri imeleta forfait ya internet ya bei nafuu: ujumbe, picha na sauti vinafunguka mwezi mzima, ila video na mengine yote unayalipia ghali. Wanafunzi wanasema kampuni haina haki ya kutuchagulia. Wamama wa soko wanajibu kwamba afadhali hicho kidogo kuliko kukosa kabisa. Mimi niliwaelewa wote.

Bon, Jumamosi kampuni iliita watu kwenye salle ya parokia. Chef wangu, Monsieur Arthur, akaeleza, watu wakapiga makofi. Ndipo Ramla akanyoosha mkono. Ni jirani yetu mpya, mshonaji, hasikii. Mume wake Amani, naye hasikii, yuko Kindu kikazi. Wanaongea kwa ishara za mikono, kwenye video.

Mle ndani ni mimi tu niliyezijua ishara zake, maana hunifundisha kila jioni. Monsieur Arthur akaniinamia: “Sema tu ule mama iko anatushukuru.”

Ramla alimaliza, akashusha mikono, akanitazama. Nikasema alichosema: “Bwana yangu ninamusikia na macho. Mumepunguza bei ya sauti, lakini siye tutafanya nini na sauti? Mukitufungia video, mumetunyamazisha.”

Mama mmoja wa soko, aliyepiga makofi kuliko wote, akauliza kwa nini video isiwe bei moja na sauti. Monsieur Arthur akakusanya karatasi zake, akafunga mkutano.

Bei haijabadilika. Lakini sasa wamama wale wanazunguka pamoja na wanafunzi, wanakusanya sahihi za kupeleka Kinshasa.

Alors, Papa, kuna jambo nimelizunguka. Kazi ile uliyoitolea misa ya shukrani, sina tena. Jumatatu waliniambia nirudishe shati la kampuni. Sasa nauza samaki na Mama. Usinikasirikie. Ningedanganya, Ramla asingesikia. Ndiyo maana sikuweza.

Utusalimie wote wa nyumbani, na Mungu akulinde.

Binti yako,
Joëlle