Wimbo wa Kumpokea Hubert

Jumatano, 17 Septemba 2025

Anarudi! Hubert anarudi Rumonge!

Nilikuwa nampima mteja kiuno pale dukani, nikasahau kipimo palepale. Habari kaileta Waziri, mkubwa wa mashabiki wetu wa Mukeke Sport, yule mwenye mitumbwi ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani. Ratiba ya ligi imetoka. Timu moja ya Bujumbura inakuja kucheza kwenye uwanja wetu, na kocha wao ni Hubert. Anakuja kwa miguu yake mwenyewe!

Namngoja mtu huyu tangu alipoondoka. Alikuwa kocha wetu. Aliikuta timu yetu nzuri, akaijaza vijana wake wa mjini, akatushusha mpaka divizio ya pili, kisha akapanda gari akaenda zake. Halafu akasema redioni kwamba watu wa Rumonge wanajua kula samaki, mpira hawaujui. Nilikuwa napika. Niliizima redio kwa mwiko.

Na Anwari! Mdogo wangu alikuwa golikipa. Siku ya mwisho, mechi ya kufa na kupona, Hubert alimtoa kabla ya mapumziko, mbele ya mji mzima, akamwonyesha geti kwa kidole. Eti ananuka samaki. Eti anavua usiku, mchana anakuja kulala golini. Tulifungwa vilevile, na vibaya zaidi. Tangu siku ile Anwari hajagusa mpira. Anabeba bidoni, madumu ya mawese, sokoni. Hasemi kitu. Anayesema ni mimi.

Nataka jambo moja tu. Hubert asimame mbele ya Anwari, amwangalie usoni, amwombe msamaha, watu wasikie. Akikataa, atakiona cha mtema kuni.

Jumamosi, 20 Septemba

Kikao cha mashabiki kimekwisha, koo linaniwasha.

Wageni wameomba tuwabadilishie siku. Prezida wa klabu akatupa Jumapili mbili tuchague: tarehe 28, au tarehe 5 ya mwezi ujao. Yeye alitaka 28, mambo yaishe mapema. Nikasimama. Nikawauliza: tarehe 28 wavuvi watakuwa wapi? Watakuwa wamekesha ziwani, mchana wamelala kama magogo. Uwanjani tutabaki mafundi cherehani na walimu! Lakini tarehe 5 ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, mitumbwi haitoki, wanaume wote wako nchi kavu hawana kazi. Wavuvi wa Magara watakuja, wa Kabonga watakuja. Wenye mikono ya kuvuta nyavu!

Waziri alipiga meza. Prezida alijikuna kichwa, akasema wavuvi wengi hivyo, wasio na kazi, yeye hapendi. Watu wakamzomea. Imepita. Tarehe 5.

Mimi ndiye niliyeichagua siku. Nalala na furaha yangu.

Jumanne, 23 Septemba

Wimbo umetoka. Maneno yangu, sauti ya Naomie.

Naomie ni jirani yangu, mtu wa Uvira huko Kongo, anauza samaki wakavu na Jumapili anaimba kwaya. Hana ugomvi na Hubert, lakini ukimpa maneno, sauti inamjia yenyewe. Tumekaa uani kwetu tangu asubuhi. Aliniambia, "Dada Tahira, hapa uko unalia sana. Kama unataka watu baitikie, cheka kidogo." Kweli bwana. Nikaweka kicheko:

Hubert ee, ulitushusha,
leo shuka wewe tukuone!
Umesema tunajua samaki,
basi mwiba huu — meza!

Hapo kwenye "meza" watu wote wapige makopo. Naomie alipiga sufuria la mama likabonyea. Mama akatoka ndani na tasbihi yake mkononi, akauliza huyo anayemezeshwa miiba amefanya nini. Nikamwambia, mama, unajua alichofanya. Akasema anajua, anachouliza ni kama Anwari ametuma mtu aimbe.

Mama siku hizi anapenda kunikata maneno.

Ijumaa, 26 Septemba

Wimbo unatembea kuliko mimi! Baada ya swala nimewasikia wapakia mizigo wa basi za Nyanza-Lac wanauimba. Wamebadilisha mstari mmoja, wametia tusi. Si baya.

Nimeongeza ubeti wa Anwari, ule wa kudai msamaha. Jioni nikamwimbia, nikidhani atafurahi. Aliacha kula. Akasema, "Dada, jina langu ulitoe mule."

Kwa nini?

"Ulitoe tu."

Nikamwuliza kama anamwogopa Hubert mpaka leo. Akanawa mikono, akaenda zake kukaa nje. Mtu anapiganiwa na yeye anataka kulala! Ubeti siutoi. Asiponishukuru sasa, atanishukuru Hubert akipiga magoti.

Jumatatu, 29 Septemba

Leo dukani mjadala ulikuwa mmoja tu: kocha yupi alikuwa mbaya kuliko wote. Nimeshona huku nacheka mpaka nikajichoma sindano.

Tarsisi alikuwa analala kwenye benchi, kofia usoni. Tulifungwa naye amelala, tukamwamsha tumwambie. Lakini Tarsisi tunampenda! Anauza sabuni sokoni, tunamwita kocha mpaka leo, tukimtania anatania. Yule Mkongomani mwenye suti alimchezesha shemeji yake, na shemeji yake alikuwa na tumbo hili hapa. Naye tumemsamehe, aliondoka analia, akatuaga mtu mmoja mmoja. Hamidu fundi baiskeli akasema makocha wabaya ni kama mvua, inakunyeshea, unakauka. Nikamwambia, Hubert hakutunyeshea. Hubert alitutemea mate.

Duka zima likasema eee. Waziri akasema maneno hayo niyaweke kwenye wimbo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua ndogo. Wavuvi wameanza kupandisha mitumbwi na kuanika nyavu. Mji umejaa wanaume wanaozurura.

Naomie alikuja na uso umemkauka. Katika vijana wa Waziri, amewaona wengine wanaokota mawe pale mtoni na kuyatia kwenye mifuko ya ndagala. "Minaogopa, dada. Bale bavulana habaendi kuimba." Akataka nikaseme na Waziri. Eti mimi watanisikiliza, kwa kuwa wimbo ni wangu.

Nikamwambia mawe ya vijana ni ya kutishia tu. Atashtuka kidogo, ndiyo dawa yake. Na kama moja litamgusa bega, basi, Anwari alipigwa na kidole kile na hakuna aliyemwonea huruma.

Naomie akasema kidole hakitoboi kichwa. Akaondoka bila chai. Kwaya hiyo. Wanazoea kusamehe kabla ya kukosewa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemaliza kitambaa kikubwa cha bluu chenye mwiba wa samaki. Magari ya Magara yamefika yamejaa watu. Mazutu, mafuta ya magari, hakuna kwenye vituo, foleni imefika barabarani, na bado watu wamekuja! Wengine wamekuja kwa baiskeli.

Anwari anasema kesho haendi uwanjani. Nimemwambia atakwenda, nimemwekea kiti mbele. 

Jumapili, 5 Oktoba, asubuhi

Basi lao limeingia. Nimemwona! Kiti cha mbele, miwani myeusi, ameota kitambi. Watu wakaanza wimbo palepale barabarani na yeye akapunga mkono, kama tunampokea! Hana haya hata chembe.

Nimeoga, nimevaa bluu. Sauti ninayo. Leo!

Jumapili hiyohiyo, kabla ya magharibi

Niandike haraka. Niandike kwa sababu nikiinuka hapa nitaufungua mlango, na sijui kama nataka kuufungua.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Sijapata kuona. Niliinua wimbo mara timu zilipotoka, na sauti iliyorudi ilinisukuma kifua. Makopo, makasia kwenye mbao, masufuria. Kwenye "meza!" ardhi ilitikisika. Hubert alikaa amekunja mikono. Nilikuwa na furaha, sidanganyi. Furaha ambayo sijaipata hata siku ya harusi yangu.

Tukafungwa. Penalti, dakika za mwisho. Bao moja, na la halali, ndilo lililouma.

Na alichofanya Hubert! Refa amepuliza, yeye akatembea mpaka mbele yetu, polepole, akashika pua. Akaiziba kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Tunanuka samaki. Sisi sote.

Sijui jiwe la kwanza lilitoka wapi. Nilisikia sauti yangu inapiga kelele, "Mshikeni!" Ilikuwa yangu, naijua.

Basi lao halikuwepo. Dereva alikuwa amekwenda kwenye foleni ya mazutu, kapanga mechi iishe naye kajaza. Wachezaji wakajibana kwenye gari la polisi, wengine wakarukia lori la mchanga. Polisi hawakutosha hata kulinda geti. Hubert alibaki. Niliiona miwani yake imekanyagwa chini. Yeye sikumwona.

Nikarudi nyumbani mbio, sauti imekwisha, nimwambie mama tumempoteza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Anwari akafungua kidogo, akanivuta, akafunga, akanitia ufunguo mkononi kwa sababu yeye mikono yake ilikuwa na damu.

Si damu yake.

Hubert amekaa kwenye mkeka wa mama. Kichwa kimefungwa kitambaa — kitambaa changu cha bluu, mabaki niliyoyakata jana. Mkononi ana kikombe cha maji, mama kampa. Na mama akishampa mtu maji chini ya paa lake, basi, hata angekuwa nani. Anwari alimkuta nyuma ya soko, kaanguka, vijana wanakuja. Alimbeba mgongoni kupitia vichochoro, kama bidoni. Kiti nilichomwekea mbele hakukikalia. Alikuwa nje ya ukuta muda wote, anasikiliza.

Nikasimama mbele ya Hubert. Nimeitunga saa hii kichwani mara ngapi! Sauti haikutoka. Imetoka pumzi tu. Yeye ndiye aliyesema. Alimwangalia Anwari, akamwangalia mikono, akamwambia, "Kijana, murakoze, asante sana. Weye uko na mikono mikubwa. Haujacheza golikipa hata siku moja?"

Nilidhani anatania. Nikamkazia macho nione mzaha. Haumo. Anauliza. Hamjui! Mtu aliyemvunja mdogo wangu mbele ya mji mzima hajui ni nani aliyemvunja. Sura hiyo aliitoa uwanjani na kichwani akaitoa siku ileile.

Anwari akainama, akakaza kitambaa kichwani mwa Hubert.

"Nilicheza kidogo," akasema.

Kidogo! Miaka yake yote, magoti yake, jezi yake ambayo mama ameikunja sandukuni. Kidogo!

Hubert akasema kama angekuwa bado Rumonge angemjaribu. Halafu akauliza kama kuna aspirini, na kama maji haya yamechemshwa.

Sasa wako nje. Waziri yuko mbele, nasikia sauti yake, na nyuma yake sijui ni wangapi, uani hapatoshi, wako mpaka barabarani. Mtu fulani aliona damu kwenye kizingiti. Waziri anaita kwa heshima bado: "Tahira! Tunajua huyo mutu iko humo ndani. Fungua, wewe ndiye mukubwa wa hii kazi."

Mama ametandika msala katikati, kati ya mlango na mkeka wa Hubert, na ameanza kusali kabla ya adhana. Atakayeingia itabidi amruke.

Naomie yuko kwenye dirisha la nyuma, anasema anakwenda kutafuta polisi, nisifungue. Ananishika vidole kupitia nondo. Hanilaumu. Bora angenilaumu.

Wameanza kuimba. Wimbo wote, kwa mpango, kama nilivyowafundisha. Hubert ameacha kuuliza maswali, maji ya kikombe yanamwagikia suruali. Anaogopa, na mimi naona raha, Mungu anisamehe, naona raha bado. Nataka aendelee kuogopa. Nataka nimwambie jina la aliyembeba. Nataka alijue jina hilo kabla ya kitu chochote kumpata.

Na wao nje wamefika huko sasa. Ubeti wa Anwari. Ule aliosema niutoe. Maelfu ya watu wanaliimba jina la mdogo wangu ukutani kwetu, na Hubert ameinua uso, anasikiliza, anamgeukia Anwari, anamwuliza kwa sauti ndogo:

"Huyo Anwari wanayemwimba, ndiye anataka kuniua?"

Anwari ananiangalia mimi. Mlango umeanza kusukumwa, na ufunguo ninao mimi.