Ukuta Unaokatwa kwa Msumeno

Jumatatu, 4 Machi
Matofali yamefika: meupe, mepesi, yamejaa vitundu kama sifongo. Fundi mwashi alinyanyua moja kwa mkono mmoja, akacheka. Mwalimu, hili ni tofali au mkate? Nikamjibu kwamba sakafu ya huku juu haibebi tofali zito, na mume wangu hawezi tena kushuka ngazi kufuata bafu la chini. Anatoka hospitali Jumamosi. Mwanangu anataka tutafute mtu wa kumwogesha. Baba yake kasema afadhali anuke! Bafu la huku juu litakuwa tayari.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata mwenyewe. Msumeno wa mbao watosha. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Fundi alijenga kwa mazoea: tofali kavu, saruji nene. Jioni nilisukuma kwa kidole tu — mstari wa juu ukang'oka! Matofali yalikuwa yamekunywa maji yote ya saruji. Nilimwambia asome maelekezo yaliyokuja na matofali. Akasema yeye hasomi ukuta, anajenga. Tumebomoa.

Alhamisi, 7 Machi
Tumeyalowanisha kwanza, tukapaka gundi ya matofali haya, nyembamba kama ukucha. Ukuta umesimama wima. Nimechonga kishubaka cha sabuni kwa patasi, kingo nikazilainisha kwa tupa. Fundi alitazama weee, kisha: Mwalimu, hebu niazime hiyo patasi. Nikampa — kwa masharti.

Ijumaa, 8 Machi
Chuma cha kushikia, ndilo jambo lenyewe. Bila hicho mume wangu hawezi kusimama peke yake. Fundi alikifunga kwa skrubu za kawaida. Nikaning'inia, na miaka yangu sitini na minane. Kikachomoka na unga wa tofali! Nyonga yauma, hasira zaidi. Pole, mama, pole, alisema akiniinua. Tumetoboa ukuta mpaka upande wa pili: bolti ndefu, mabamba ya chuma pande zote mbili. Safari hii alining'inia yeye, mfuko wa saruji begani. Hakikutikisika.

Jumamosi, 9 Machi
Amefika. Mlangoni mwa bafu alisema: niacheni. Mwanangu: Baba, utateleza. Baba yake: Mimi ndiye niliyekufundisha kuoga, toka hapa!

Tumetoka wote. Naandikia gotini, kitini nje ya mlango. Maji yanamwagika. Kopo limeanguka. Mwanangu ameshika kitasa — nimeuondoa mkono wake. Chuma kimelia mara moja, kama kinapoegemewa na kitu kizito. Kimya.

Anakohoa. Maji tena —