Pikipiki Inayovuta Yenyewe

Jumatatu, 5 Mei

Nafunga plagi tangu asubuhi. Meza yangu hapa karakanani ni ya tatu. Naunganisha kwa plagi nyaya za mkono wa kulia, ule dereva anaouzungusha pikipiki ya umeme iongeze mwendo. Natia mpira mdogo wa kuzuia maji, nabana, napitisha meza ya nne. Vidole vimechubuka.

Mipira ya shehena mpya ni myembamba kuliko ya zamani. Nimemwambia msimamizi wetu, Bi Dama. Naye kamwambia meneja. Meneja kasema ni ile ile.

Mvua kutwa.

Jumanne, 6 Mei

Pikipiki yetu moja imerudishwa juu ya mkokoteni. Dereva aliachia mkono pale Kibarani, mota ikaendelea kuvuta. Amevunjika mtulinga. Meneja anasema alikuwa hajaizoea.

Wenzangu walipokwenda kula niliifungua plagi yake. Ndani unyevu; maji yakigusanisha nyaya, mota huvuta kana kwamba mkono umezungushwa.

Salim, mume wangu, anabebea abiria pikipiki yenye mpira wa shehena hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemshawishi aache ile ya petroli.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwomba Salim asiitoe mvua ikinyesha.

"Hini yangu haina neno," akasema. "Wewe ndiwe uliyeifunga."

Alikuwa akinisifu. Nimeichukia sifa hiyo. Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Kibokoni, amesema nisimtie mwanawe woga wa barabara. Huenda ni kweli. Huenda ni mimi tu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeiweka mikono mapajani. Sikufunga plagi hata moja. Meza za mbele yangu zikakosa kazi, karakana nzima ikasimama, kila mtu akinitazama. Meneja akaja. Sikuwa jasiri. Nikamwomba tuimwagie maji pikipiki moja tuone.

Ikapandishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Bi Dama akamwaga maji juu ya plagi kwa kopo. Ikawashwa. Kimya. Ikazimwa, ikawashwa tena. Kimya. Nyuma yangu mtu akacheka.

Meneja hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Rudi kazini, Rukia."

Nikarudi. Nimefunga plagi mpaka jioni, kila moja nikiitilia shaka.

Ijumaa, 9 Mei

Bi Dama hakuiondoa ile pikipiki jana. Aliiacha kwenye stendi, plagi imezungushiwa kitambaa kilicholoa maji. Leo asubuhi akamwita meneja, akaiwasha. Hakuna aliyegusa mkono. Gurudumu likasita, likaanza kuzunguka, likashika kasi lenyewe. Hakuna aliyecheka.

Meneja akaizima. Akasema kazi isimame na madereva wote wapigiwe simu.

Nilimpigia Salim wa kwanza. Haikupokewa. Nje mvua ilikuwa kubwa. Nikapiga tena na tena. Nikampigia mwenzake wa kituo cha Tononoka. Ametoka na abiria, akaniambia, mama mmoja. Nikaketi kwenye ngazi za karakana. Akilini nilimwona Salim amelala barabarani. Nilimwona waziwazi, kiatu kimoja kikiwa mbali naye.

Bi Dama akanituma nyumbani. Nikamkuta Salim uani, amekaa kwenye kibao, suruali imepasuka gotini. Simu yake iliingia maji.

"Ilinivuta," akasema.

Alikuwa akikaribia gari lililosimama. Akaachia mkono, isipunguze. Akazima swichi ya betri, akaielekeza kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, wakaanguka. Yule mama amechubuka kiwiko, basi. Pikipiki aliiacha pale pale, akaja kwa miguu.

Mama mkwe alilia. Mimi nilimfokea Salim mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamwosha goti.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwuliza Salim kama ananilaumu. Kasema la. Simwamini.

Mama mkwe hajaniambia neno tangu jana. Leo kaniwekea chai na mahamri mezani, akaenda zake chumbani. Sijui nilichukulieje.

Jumatano, 14 Mei

Mipira minene imefika. Pikipiki zimejaa mpaka nje ya lango. Nazifungua, nazikausha, natia mpira mpya, nafunga. Kila plagi inalazwa kwenye kitambaa chenye maji, ikaguliwe asubuhi, ndipo pikipiki itoke. Meneja mwenyewe ndiye anayezilowesha.

Ya Salim ililetwa leo. Niliifungua mimi. Maji yalinidondokea kiganjani.

Alhamisi, 15 Mei

Salim alikuja kuichukua. Alikaa kwenye benchi na madereva wengine mpaka zamu yake ikafika, hakusema kuwa mkewe yumo ndani. Nikaipandisha kwenye stendi mbele yake. Nikauzungusha mkono, gurudumu likaenda. Nikauachia, likasimama. Nikarudia. Nikarudia tena, hata Bi Dama akanishika bega.

Salim hakuipanda. Alisubiri nivue aproni.

"Panda twende," akasema.

Tulikwenda polepole. Barabara ilikuwa na madimbwi. Kwenye kila tuta aliachia mkono, na kila mara nilizuia pumzi. Ikapunguza mwendo. Ikapunguza tena.

Tulipofika mlangoni vidole vyangu vilikuwa vimeng'ang'ania shati lake. Ikabidi avifungue kimoja kimoja.