Aliyepiga Mayowe Kwenye Kaseti Si Mimi

Albert Park, Durban

Mama yangu,

Najua Neema ndiye anakusomea, kwa hiyo naanza na yeye: dada, soma polepole, usiruke mistari, na usitie chumvi yako. Mama, nakusalimu kwa heshima zote. Miguu inasemaje, bado inavimba jioni? Dawa ya macho ilikufikia? Mimi ni mzima. Narudia kwa sababu najua unataka kulisikia mara mbili: ni mzima, nakula, nalala, na hakuna mtu aliyenigusa.

Ulisema kwenye simu kwamba moyo wako hautatulia mpaka nikuandikie yote bila kuficha. Haya, sifichi, hata pale ninapoonekana mjinga.

Unajua niko kwenye duka la simu la Papa Gaston. Siku hizi, mbali na simu, mimi ndiye ninayechukua kaseti za zamani za watu na kuzihamishia kwenye flash: kwaya, harusi, mahubiri ya wachungaji waliokwisha kufa. Basi akaja Mzungu mmoja, jina lake Arne, mtu wa Norway, fundi wa meli hapa bandarini. Ni mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Alileta kaseti tano ndani ya boksi la viatu. Alipokuwa na miaka kumi na minane alijirekodi peke yake kwenye chumba kilicho chini ya nyumba ya wazazi wake. Gitaa yeye, ngoma yeye, kuimba yeye, halafu akajitungia jina la kutisha ili watu wadhani ni bendi nzima.

Muziki huo kwao wanauita black metal. Mama, si wa kuchezea harusi. Gitaa linanguruma bila kupumzika, ngoma zinakimbizana, na mwimbaji haimbi, anapiga mayowe kama mtu anayechinjwa. Tena wanarekodi vibaya makusudi; sauti ikiwa safi, wanasema kazi imeharibika. Nne kati ya kaseti hizo alikuwa amewahi kuwatumia rafiki zake nakala kwa posta. Ile ya kwanza kabisa hakumpa mtu, aliionea haya. Sasa kamba ya meli imemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na gitaa hawezi tena. Ndiyo maana alitaka zihamishwe zote, na hiyo ya kwanza kuliko zote.

Haikuandikwa kitu juu yake. Pembeni yake mezani nilikuwa nimeweka kaseti yangu tupu ya kukutumia wewe, nyeusi vilevile. Siku hiyo Papa Mulamba, yule anayetubebea mizigo ya nyumbani, akapita mbio, anasema basi lake linaondoka saa nane, kama nina salamu za kwenu Uvira nizilete. Nikaichukua kaseti, nikaipiga kidogo kuhakikisha ni tupu. Nikasikia shhhh tu. Nikangoja, shhhh. Nikasema hii ndiyo yangu. Kumbe Arne alianza kwa kurekodi upepo wa nje, dakika mbili nzima! Matundu ya juu yalikuwa wazi, yale yanayozuia kufuta. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Mimi, mtoto wa nyumba ambayo kila kaseti imekwishafutwa mara ishirini, nikayaziba kwa karatasi ya gundi bila hata kufikiri, nikakusalimia dakika kumi, nikamkabidhi Papa Mulamba.

Kesho yake nilipoanza kazi ya Arne, nikaweka kaseti iliyobaki. Tupu mwanzo mpaka mwisho. Papa Gaston akashika kichwa: "Eish! Espoir, kitu ya mutu umetumia mama yako?" Nikampigia Papa Mulamba, amekwisha kuvuka mpaka, laini yake imekufa. Nikampigia Neema, hapatikani, kwa sababu huko hamkuwa na umeme wa kuchaji. Nilijua desturi yetu: ukishasikiliza, jioni hiyohiyo unarekodi jibu lako juu yake. Kila jioni nilikuona umekaa na redio yako, unamfuta Arne.

Nilimwambia Arne ukweli. Sikutaka, lakini nilimwambia. Hakupiga kelele hata kidogo. Aliuliza tu, "Kuna mtu anaweza kumzuia mama yako?" Nikasema hapana. Akakaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, anatazama ule mkono wake, na mimi nilitamani anitukane.

Halafu ndiyo mdogo wangu Neema akapiga. "Yaya, ni weye kweli? Uko muzima? Mama hakuli tangu juzi! Ni nani alikuwa anakuchinja mu kaseti?" Nikaelewa palepale. Mwishoni mwa salamu zangu nimesema kwaheri, kitufe kikalia, na baada yake yakafuata mayowe ya Arne. Na huko mmesikia jinsi wageni wanavyopigwa huku. Mama, nisamehe. Siku tatu uliniombolezea nikiwa hapa nakula mkate na maharage.

Nilimuuliza Neema kwa hofu kama umerekodi jibu. Akasema, "Weye! Nani angegusa? Mama aliifunga mu kitenge, anaweka chini ya muto. Anasema ni sauti ya mwisho ya mutoto wake." Nikacheka, nikalia, vyote pamoja, mbele ya wateja. Mzigo ulionitoka siku hiyo siwezi kukueleza.

Kaseti imerudi wiki iliyopita, asante kwa kukubali kuiachia. Upepo umekwenda, na wimbo wa kwanza pia. Hiyo ni dhambi yangu na haifutiki. Nyimbo zilizobaki ziko salama, na tumezinakili mara tatu. Arne alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikamwambia kilichokupata. Akasema, "Nilifanya haya yote ili watu waogope. Rafiki zangu walicheka. Mama yangu aliteremka akaniuliza kama nataka supu. Mwambie mama yako anisamehe. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniamini." Mama, mtu mzima yule alikuwa anafuta machozi. Hakutaka nilipe kitu.

Msalimie mjomba anayesuka vikapu, na shangazi wa Makobola, mwambie dawa ya mgongo inakuja. Mchungaji mwambie asante kwa maombi, lakini aniondoe kwenye orodha ya marehemu. Neema, mdogo wangu, Mungu akubariki kwa kukimbilia simu.

Ndani ya bahasha kuna kaseti mpya. Ukisikia nimesema kwaheri, Mama, usizime, wala usiogope. Sikuizima mashine. Utanisikia nikiinuka, nikikohoa, nikigombana na jirani juu ya maji, nikikatakata vitunguu, nikiimba vibaya. Nimeiacha iende hivyo mpaka utepe wote ukaisha, na mwanao bado yupo.

Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,

Espoir