Mwambie Hamisi Asije Kunichukua

Witeithie, Thika

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Umeamkaje? Mvua imefika huko Mumias, ama mahindi bado yanangoja? Sisi hapa tu wazima, mimi, Baba Rehema na Rehema mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mnaniweka spika, kila mtu anaongea na hakuna anayesikiza. Ndugu yangu Hamisi akusomee polepole, na asiruke mahali anapotajwa.

Nimesikia mmefanya kikao juu yangu. Mliangalia picha yangu ya Idi, mkaona mashavu yameisha, shangazi akasema mume wangu ananinyima chakula. Mwingine akanong'ona ugonjwa asioutaja. Sasa Hamisi atumwe Jumamosi anirudishe nyumbani ninenepeshwe. Mama, siji. Sijanyimwa chakula, wala sifi.

Nina ugonjwa wa sukari. Niliambiwa kwenye zahanati moja ya Thika, baada ya kuzimia nikishona kiwandani huko Ruiru. Muuguzi alinikemea, "Nyinyi watu wa viwanda hamjipendi. Mnakula tu ovyo ovyo!" Nilikasirika sana. Nikamjibu, "Sista, kujipenda kunauzwa wapi hapo kwa geti? Mimi huona tu soda na mandazi, na break ni ya kumeza, si ya kutafuna."

Hakujua nimetoka wapi. Wewe unajua. Tulizungukwa na miwa kila upande, lakini sukari yenyewe uliifungia ndani ya sanduku lako la nguo, ikatoka mgeni akija. Sisi watoto tulilamba kijiko cha mgeni akishaenda. Nilijiapiza kwamba nikipata mshahara wangu nitakunywa chai mpaka kijiko kisimame, na nikafanya hivyo. Jirani yangu Nyambura alipoionja mara ya kwanza alishtuka: "Haiya, Zai! Hii ni chai ama ni jam?" Sikulaumu, Mama. Umaskini si kosa lako. Lakini njaa ya utotoni haiwezi kuendelea kunipakulia mpaka leo.

Nyambura pia anashona Ruiru. Sisi na wanawake wengine wa ploti tunayopanga tunapika kwa zamu, leo githeri ya mahindi na maharagwe, kesho ndengu na sukuma, tunabeba kwa mikebe hadi kazini. Chai ya thamosi haina sukari. Wenzetu walitucheka, wakasema tunakula kama wagonjwa wa wodi. Sasa baadhi yao wanaomba kuingia kwenye zamu. Wembamba mliouona kwenye picha ulitoka hapo, na mimi naringa nao.

Eti shangazi anasema nikija nikakataa chai yake ya sukari nitakuwa nimemtusi. Basi nitamtusi. Baba hakuwahi kumkatalia mtu chai. Hata alipokatwa mguu kwa sukari hii hii aliendelea kunywa kila nyumba aliyokaribishwa, asionekane ana maringo. Tulimzika kwa heshima, watu wakajaa mpaka barabarani. Heshima ya namna hiyo siitaki.

Nisalimie shangazi Mwanaisha hata kama amenuna. Msalimie mke wa Hamisi, anayekutekea maji, na babu Juma wa msikitini, mwambie dua zake zinafika.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Hamisi ameniambia, na usimgombeze, kwamba siku hizi unakunywa maji kiu isiishe, na nyayo zinakuchoma hata ukiwa umekaa. Baba alianza hivyo hivyo, nasi tukasema ni uchovu wa shamba. Naogopa, Mama, na sitaki kuficha. Nenda upimwe wiki hii. Ukikataa, Hamisi asijisumbue kupanda gari Jumamosi. Nitakuja mimi, na atakayechukuliwa ni wewe.

Mwanao mkaidi,
Zaituni, Mama Rehema