Ile Premio Nyeusi Uliyonificha

Afande Ojok,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitayasema niliyokusudia kuyasema. Ni miezi minne tangu tukusafirishe kwenda kukuzika kwenu Kitgum, na kwa muda mrefu nilikulilia vizuri tu, kama mwanafunzi anavyomlilia fundi wake. Tangu wiki mbili zilizopita siwezi. Kila nikiwasha mashine yako ya kung'arisha magari nataka kukuuliza swali moja: kwa nini hukuniambia?

Nazungumzia gari ya Mzee Odong, ile Premio nyeusi.

Mambo ya hapa gereji yako ya Makindye yako hivi. Baada ya matanga, mkeo Mama Lamwaka aliniita akaniambia, "Nekesa, wewe fanya kazi. Kama wateja ya marehemu inabaki, hapa ni pako. Kama inakimbia, mimi napangisha watu ya kuosha magari." Nikakubali. Unajua mwenyewe kwamba Mzee Odong, polisi mstaafu yule, ndiye aliyekuwa akituletea magari ya wenzake wote. Akibaki yeye, na wao wanabaki. Kwa hiyo alipoingia na Premio yake Jumatatu ile, nilijiambia hii ndiyo kazi itakayonipa mahali pangu.

Boneti ilikuwa imejaa ile mikwaruzo ya mviringo inayoachwa na vitambaa vichafu, ile inayoonekana jua likiwaka. Nilifanya kila ulichonifundisha. Niliosha, nikakausha, nikabandika tepu kwenye kingo zote. Nilianza na sponji laini na dawa laini ya kung'arishia. Mikwaruzo haikutoka. Nikapanda hatua, kama ulivyosema nipande, nikaweka pedi ya sufu na dawa kali. Kasi ndogo, mashine imelala bapa, mkono unakwenda polepole, kisha unakatiza kwa mapana. Kila mara nikagusa rangi kwa nyuma ya kiganja. Ulikuwa unasema, "Rangi ikichoma mkono wewe pumzika, hata kama mwenye gari anapiga kelele." Haikuchoma, Afande. Ilikuwa vuguvugu tu.

Halafu sufu ikarudi nyeusi.

Najua maana yake. Gari yenye vanishi juu ya rangi, dawa inarudi nyeupe. Ikirudi na rangi ya gari, vanishi hakuna, unakula rangi yenyewe. Ulinifundisha hilo mwezi wa kwanza. Lakini nilijidanganya kwamba ni uchafu uliobaki, kwa sababu gari hii ilikuwa mikononi mwako miaka yote hiyo, na gari unayoihudumia wewe haiwezi kuwa imeisha vanishi bila mimi kujua. Nikapitisha mara moja tena. Mara moja tu. Katikati ya boneti, pale palipoinuka, pakatokea kijivu cha rangi ya chini, upana wa kiganja changu.

Nilimwita Mama Lamwaka. Aliangalia, akasema, "Lakini si alikuambia? Hii gari haina rangi. Marehemu alikuwa anapaka nta na mkono tu. Mashine alikuwa anawasha ilie, kwa sababu mzee anapenda kusikia."

Mkeo alijua. Mimi niliyesimama kando yako miaka mitano, sikujua. Na hapo ndipo nilipoielewa rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Kila Premio ile ilipoingia, ulikuwa unaniita: "Nekesa, enda Kabalagala uniletee rolex, ya pale kwa yule mama, si ya hapa." Nilidhani unapenda chapati yake. Nilikuwa nakwenda kwa miguu, nasimama foleni, narudi na chapati na mayai yamepoa, na gari inang'aa. Nilikuwa nakusifu, mjinga mimi. Nilikuwa nasema Afande ana mkono mwepesi, anamaliza gari nzima mimi nikiwa njiani. Na kweli ilikuwa inang'aa, nta inang'arisha kitu chochote kwa wiki mbili.

Mama Lamwaka anasema ni wewe mwenyewe uliyeimaliza ile vanishi, ulipokuwa umetoka jeshini na unaanza kazi, ukiisugua kwa sufu kila Krismasi na kila Pasaka mzee apate mng'ao wa kioo. Ulipogundua, uliona aibu. Naielewa aibu. Ninachokataa kuelewa ni kwamba mimi nilipokosea ulikuwa unaniita mbele ya wateja unionyeshe kosa langu kwa kidole, ili nisirudie. La kwako ulilizika kwenye rolex, nikaja kulirudia mimi, mbele ya mteja yule yule.

Mzee Odong alikuja jioni. Alikizunguka kile kijivu kama anapima mahali pa ajali. Nilijitolea kuipaka boneti yote upya, akakataa. Akasema, "Marehemu alifanya hii gari miaka mingi, haikuharibika hata siku moja. Wewe umefanya mara moja tu." Kisha akaniuliza, Mama Lamwaka akiwa pale pale anatazama chini: marehemu alikuwa anatumia mashine hii hii?

Jibu lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu, kwamba ulikuwa unaiwasha ilie tu, na mahali pangu pamepona.

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Mashine ni hii hii. Ni mimi nimekosea."

Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu huwezi kujitetea. Pengine kwa sababu nilipotoka Bungoma nikaja mji huu, kila gereji ilinipa ndoo na kitambaa, na wewe ndiye uliyenipa mashine mkononi ukasema shika vizuri, inavuta. Ameondoka na Premio yake, na wenzake watatu hawajaonekana tena. Kesho yake Mama Lamwaka aliniletea chai mwenyewe, akaniambia amenipa mpaka Krismasi.

Jana dereva mmoja alileta gari ya bosi wake kutoka Nakasero. Nyeusi pia. Nilijaribu kwa kitambaa cheupe na dawa kidogo pembeni, kitambaa kikarudi cheusi. Nikamwambia rangi hii imebaki kidogo, siwashi mashine, naweza kupaka nta tu, na mikwaruzo mingine itabaki. Alicheka, akasema naogopa kazi, akaondoka. Nilikasirika, na wewe ndiye niliyekukasirikia, si yeye.

Lakini nitaendelea kuwaambia, Afande. Hiyo ndiyo ahadi. Kila mwenye gari atajua rangi yake imebaki kiasi gani, hata kama atakwenda kwa mwingine, hata kama Krismasi itanikuta sina mteja. Mimi sitamtuma mtu chapati.

Kwaheri kwa sasa. Desemba nitapanda basi na mkeo tuje Kitgum. Nitasimama kwenye kaburi lako nikugombeze kwanza, kwa sauti, ndugu zako wote wasikie. Nikimaliza, ndiyo nitakaa chini nilie. Nakuahidi vyote viwili.

Nekesa