Maji Meusi ya Amla

Mulongwe, Uvira, 4 Februari 2024

Dada Capitoline,

Salamu nyingi, wewe na wa nyumbani kwako. Watoto ni wazima, nami mzima isipokuwa kichwa. Tangu tuliponyolewa kumaliza matanga ya Gédéon, nywele zangu haziko sawa: nina mabaka makavu yanayowasha. Shemeji Félicien anasema marehemu ndiye anayezizuia zisiote, eti kuna jambo nilimfanyia mume wangu. Siku ya Pasaka ukoo utakaa kuamua kama nibaki hapa na watoto au nirudishwe kwetu Katogota peke yangu. Mama mkwe sijui yuko upande gani. Nisaidie.

Mdogo wako, Noella


Kigoma, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Noella,

Nashukuru watoto ni wazima. Mimi mguu unauma, lakini barua yako imenipandisha hasira hadi nikausahau. Gédéon alikufa kwa kisukari, na Félicien huyohuyo ndiye aliyekuwa akimpelekea soda kitandani. Mbona mwanamume akifiwa na mke hakuna anayemkagua kichwa?

Mwenye boti anakuletea pakiti mbili kutoka duka la Wahindi. Wao hutunza nywele kwa matunda tangu zamani. Elimu hiyo wanaiita Ayurveda. Unga ni wa amla, tunda chachu lililokaushwa: uloweke kwenye kikaango cha chuma mpaka asubuhi, kisha upake kichwani. Zile kokwa za kahawia ni ritha: zichemshe, povu lake ndilo sabuni. Kukiendelea kuwasha, nenda kwa muuguzi. Tunda si daktari.

Dada yako, Capitoline


Kigoma, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Uko salama? Pasaka imepita na simu yako haipatikani. Msafiri kutoka bandari yenu ya Kalundu ananiambia Félicien alikuta kwako kikaango chenye maji meusi kama wino, akaita watu waone uchawi. Amla ikilala kwenye chuma lazima iwe nyeusi, Wahindi wanaitaka hivyo. Félicien hajui, na yasiyojulikana na Félicien ni mengi. Kama wamekufukuza, niambie tu uko wapi. Nitapanda boti na mguu huu mbovu.

Dada yako, Capitoline


Mulongwe, 9 Aprili 2024

Dada Capitoline,

Boti iache, pumzisha mguu. Sisi ni wazima. Simu ndiyo iliingia maji ya mvua.

Félicien alileta kikaango mbele ya ukoo mzima. "Mchawi ni huyu." Mama mkwe akasimama, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Ana mabaka kama yangu, Dada.

"Basi na minye niliua mutoto wangu?" akasema. "Félicien, ni weye ulitunyoa siye wawili na wembe moja. Sema."

Félicien akajibu kwamba nyembe siku ile zilikuwa haba. Shangazi yao akacheka, wengine wakafuata, na kikao kikafa hapo. Ninabaki, na watoto wangu.

Kesho yake mimi na Mama mkwe tulienda sote wawili kwa muuguzi. Ni fangasi ya kichwa, imepita kwa wembe, ametupa vidonge. Matunda yako ni ya kulainisha nywele zikiota, kwa hiyo usijisifu sana huko dukani. Ritha ameturuhusu tuoshee.

Jana nilimwosha Mama mkwe uani. Povu likamwingia jichoni, akanitukana vizuri, kama mtu anavyomtukana binti yake wa kumzaa. Nikaacha. Akainamisha kichwa tena.

"Nani amekuambia uache?"

Mdogo wako, Noella